Mtoto kama Fanani: Mchezo wa Kujipikilisha na Suala la Hadhira katika Nadharia ya Fasihi Simulizi ya Kiswahili

Ikisiri

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umezipa nafasi nyimbo za watoto, vitendawili na hadithi wanazosimuliwa, lakini mara nyingi umeuacha pembeni mchezo wa kubuni ambao watoto huutunga wenyewe, wakaugeuza mchanga kuwa unga na kijiti kuwa mwiko. Makala haya yanadai kwamba mchezo huo, uitwao kujipikilisha, mchezo wa baba na mama, au kalongolongo kwa kutegemea mahali, ni maigizo yenye kanuni mahususi za kilugha, na kwamba kanuni hizo zinailazimisha nadharia ya fasihi simulizi kuitazama upya dhana ya hadhira. Kwa kuchunguza mofolojia ya kitenzi jipikilisha, matumizi ya neno eti, kiishio -e, maamkizi ya shikamoo na kauli ya kujitoa mchezoni, makala yanaonesha namna mtoto anavyoingia katika ubunifu, anavyoishi ndani yake na anavyotoka. Uchambuzi huo unatumiwa kuisoma upya tamthilia ya Mashetani ya Ebrahim Hussein, na kisha kuhoji namna mchezo unavyotetewa katika elimu ya awali. Hitimisho ni kwamba utetezi unaotegemea faida za baadaye pekee ni dhaifu, na kwamba uhakiki wa fasihi unao utetezi ulio imara zaidi.

1.0 Utangulizi

Mtoto wa miaka 4 anayekoroga mchanga na maji ndani ya kifuu, akajifanya kuonja, kisha akamwambia mwenzake kwamba chumvi haijakolea, ametenda mambo matatu kwa pamoja. Amekipa kitu maana isiyo yake ya kawaida. Amejivika nafsi isiyo yake. Na amemtaka mwenzake ayakubali hayo mawili ilhali wote wawili wanajua kwamba kilichomo kifuuni ni mchanga. Mambo hayo yakitendwa na mtu mzima jukwaani huitwa sanaa. Yakitendwa na mtoto uani huitwa utoto. Tofauti hiyo ya majina ndiyo inayochunguzwa hapa, kwa kuwa imeathiri namna wahakiki wanavyouona mwanzo wa fasihi katika maisha ya mtu na namna shule zinavyoupangia mchezo nafasi yake.

Maandishi ya Kiswahili hayakuipuuza michezo ya watoto tangu awali. Desturi za Wasuaheli, kitabu cha maelezo ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wenzake kilichohaririwa na Carl Velten mwaka 1903, kiliitaja michezo hiyo kama sehemu ya maisha ya watu wa pwani. Miongo saba baadaye, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya (1976) walipoipanua dhana ya sanaa za maonyesho ili isibaki kuwa tamthilia ya jukwaani ya mkondo wa Kizungu, walifungua mlango wa kuyatazama matendo mengi ya jamii kuwa ni maigizo. Naye Mulokozi (1989), katika makala yake ya Mulika kuhusu tanzu za fasihi simulizi, aliyatenga maigizo kuwa tanzu mojawapo miongoni mwa sita, pamoja na mazungumzo, masimulizi, semi, ushairi simulizi na ngomezi. Kwa hiyo mahali pa kuuweka mchezo wa mtoto pamekuwapo. Kilichopungua ni kuuchambua mchezo wenyewe kama kazi ya sanaa yenye fani. Katika uchambuzi mwingi, mtoto ameonekana kama hadhira anayetambiwa hadithi, au kama mwimbaji wa wimbo uliokwisha kutungwa. Ni nadra kuonekana kama mtunzi.

Makala haya yanamtazama mtoto kama fanani. Mifano ya kauli inayotolewa si data ya uwandani. Ni kauli za kawaida ambazo mzungumzaji aliyekulia katika Kiswahili atazitambua, na zimeteuliwa kwa ajili ya kufafanua muundo. Uchunguzi umejikita katika umri wa takriban miaka 3 hadi 7, na katika mchezo wa kubuni tu. Michezo ya sheria zilizo wazi, kama vile mdako, rede na kombolela, haikuhusishwa isipokuwa kwa ulinganishi.

2.0 Msamiati wa Mchezo na Hukumu Iliyomo Ndani Yake

Neno mchezo lina mawanda mapana. Soka ni mchezo, bao ni mchezo, tamthilia ni mchezo wa kuigiza, na ngoma nayo huchezwa. Sambamba na maana hizo ipo maana ya mzaha, ambayo ndiyo imetawala katika misemo. Mzee humkanya kijana kwa kumwambia aache mchezo. Jambo zito husifiwa kwa kusemwa kuwa si mchezo. Kazi iliyolipuliwa husemwa kuwa imefanywa mchezomchezo. Methali nazo zinaonya: mchezea wembe humkata, mchezea zuri baya humfika. Katika semi hizo zote kucheza ni kukosa hadhari au kukosa uzito.

Hata hivyo, lugha hiyohiyo ina ushahidi wa upande wa pili. Nchini Tanzania, upatu unaochangwa na wanawake mitaani na makazini huitwa mchezo, na mshiriki husema kwamba anacheza mchezo. Hapa neno linataja shughuli ya fedha yenye zamu, ahadi na aibu kubwa kwa anayevunja utaratibu. Mtu anayepokea zamu yake kisha akaacha kuchanga haonekani kuwa amefanya mzaha, bali ameusaliti mchezo. Maana hii inadokeza jambo ambalo misemo ya kukanya inalificha: mchezo unaweza kuwa mapatano yanayowafunga wahusika kwa sababu tu wamekubaliana kuyaheshimu.

Neno bandia linastahili kutazamwa vivyo hivyo. Mtoto wa bandia ni mwanasesere, yaani mtoto wa matambara anayebebwa mgongoni, anayelazwa na kubembelezwa. Katika matumizi yaliyotawala leo, bandia ni sifa ya noti, dawa au cheti kilichoghushiwa. Noti bandia hufanya kazi pale tu anayeipokea asipojua kwamba ni bandia. Mtoto wa bandia hufanya kazi ilhali kila mmoja anajua kwamba si mtoto. Ya kwanza ni hila, ya pili ni ubunifu. Kwa kuwa neno moja linabeba maana zote mbili, ni rahisi kwa msikilizaji kuuhukumu ubunifu kwa kipimo cha hila, na kudhani kwamba mtoto anayejifanya mama yu karibu na uongo.

3.0 Nadharia za Mchezo na Mipaka Yake

Katika saikolojia ya ukuaji, mitazamo miwili imekuwa na athari kubwa. Jean Piaget, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu kuundwa kwa ishara kwa mtoto, aliuona mchezo wa kubuni kama hatua ambapo mtoto anaupinda ulimwengu ulingane na fikra zake, badala ya kuzipinda fikra zilingane na ulimwengu. Kwa mtazamo huo, mchezo ni wa lazima katika hatua yake, lakini ni hatua ya kupitwa.

L. S. Vygotsky, katika mhadhara wake wa mwaka 1933, alikwenda njia nyingine. Fimbo inapokuwa farasi, mtoto anajifunza kuitenga maana na kitu. Kadhalika, kila hali ya kubuni ina sheria ndani yake hata kama hazikutamkwa: anayecheza mama hana budi kutenda kimama. Vygotsky alirejelea mfano ulioripotiwa na Sully wa ndugu wawili wa kike, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miaka 7, waliokubaliana kucheza kuwa ndugu. Walikuwa ndugu tayari. Lakini mchezoni kile walichokiishi bila kukifikiri kiligeuka kuwa sheria ya kufuatwa kwa makusudi. Kutokana na hilo aliona kwamba mtoto anapocheza huwa juu ya umri wake wa kila siku.

Kwa upande wa Afrika Mashariki, kazi mbili za zamani zina umuhimu wa pekee. Jomo Kenyatta, katika Facing Mount Kenya (1938), aliieleza michezo ya kuwaiga watu wazima kuwa sehemu ya malezi ya mtoto wa Kikuyu. Otto Raum, katika Chaga Childhood (1940), kitabu kilichotokana na maisha ya watoto wa Kilimanjaro, alipinga wazo kwamba mchezo wa namna hiyo ni uigaji mtupu. Kwake, mtoto hujenga jamii ya watu wazima ya kubuni kutokana na vipande anavyoruhusiwa kuvijua. Hoja hii ni ya thamani kwa mhakiki wa fasihi. Anayenakili huhitaji kuwa na kielelezo kizima mbele yake; anayejenga kwa vipande hulazimika kuteua, kupanga na kujaza mapengo, na hiyo ni kazi ya mtunzi.

Pamoja na uzito wake, nadharia za ukuaji zina mpaka. Brian Sutton-Smith (1997) ameonesha kwamba mazungumzo ya wataalamu kuhusu mchezo hutawaliwa na usemi wa maendeleo, ambapo mchezo wa mtoto huthaminiwa kwa kile utakachomfanya awe baadaye. Anayecheza anatoweka, anabaki mtu mzima mtarajiwa. Mapitio ya Angeline Lillard na wenzake (2013) kuhusu tafiti za mchezo wa kubuni yaliongeza tahadhari nyingine: ushahidi uliokuwapo haukutosha kuthibitisha kwamba mchezo huo ndio unaosababisha ukuaji wa lugha, ubunifu au uwezo wa kufikiri. Huenda ni njia mojawapo miongoni mwa nyingi, au huenda huandamana tu na mambo mengine yaletayo ukuaji. Mapitio hayo hayakusema kwamba mchezo hauna maana. Yalisema kwamba madai makubwa yaliyotolewa kwa niaba yake yalizidi ushahidi. Anayeutetea mchezo kwa faida zake pekee amejenga juu ya msingi ambao bado haujathibitika.

4.0 Kanuni za Kilugha za Mchezo wa Kubuni

4.1 Kitenzi jipikilisha

Kiswahili kina utaratibu wa kuunda vitenzi vya kujifanya kwa kuunganisha kiambishi cha kujirejea ji- na mnyambuliko wa kusababisha. Jigonjweza ni kujifanya mgonjwa. Jisahaulisha ni kujifanya umesahau. Jipikilisha kinafuata njia hiyohiyo. Tofauti iko katika uhusiano wa mtenda na mwenzake. Anayejigonjweza humtaka mwenzake aamini. Akigundulika, tendo limekwisha. Anayejipikilisha hamtaki mwenzake aamini kwamba mchanga ni ugali, kwani akiuamini na kuula, mchezo umeharibika. Umbo la neno ni moja, mapatano ni mawili. Lugha imekichukua kitenzi cha hila ikakigeuza kuwa cha ubunifu, kinyume cha safari iliyoonekana katika neno bandia.

4.2 Neno eti

Katika mazungumzo ya watu wazima, eti huashiria kwamba msemaji anaripoti jambo asilolithibitisha, mara nyingi kwa mashaka au kejeli:

(1) Anasema eti anaumwa.

Mchezoni neno hilo hupewa kazi nyingine:

(2) Eti mimi ni daktari, na wewe eti umemleta mtoto wako.

Katika (2) hakuna mashaka wala kejeli. Kilichobaki ni ule umbali kati ya msemaji na ukweli wa kauli. Mtu mzima huutumia umbali huo kujiepusha na dhamana. Mtoto huutumia kupata uhuru. Eti ya mtoto inasema kwamba jambo hili si kweli, na kwamba kuanzia sasa litachukuliwa kuwa kweli. Gregory Bateson (1955) alieleza kwamba mchezo hauwezekani bila ujumbe wa juu yake unaosema kwamba huu ni mchezo. Katika Kiswahili cha watoto ujumbe huo umepata neno lake, na neno hilo halikubuniwa na watoto, bali limeazimwa kutoka katika lugha ya mashaka ya wakubwa.

4.3 Kiishio -e na mgawanyo wa tabaka za usemi

Uhusika hugawanywa kwa kitenzi chenye kiishio -e:

(3) Wewe uwe mama, mimi niwe muuza duka.

Mapatano yakishafikiwa, kiishio hicho huachwa na njeo za kawaida hushika nafasi:

(4) Karibu mama. Leo unga umepanda bei.

Kuhama kutoka (3) hadi (4) ndiko kuingia mchezoni. Kauli ya (3) ni ya mtoto kwa mtoto. Ya (4) ni ya muuza duka kwa mteja. Kati ya hizo mbili ipo kauli ya tatu, ya marekebisho:

(5) Hapana, wewe ni mtoto, na watoto hawaendi dukani usiku.

Msemaji wa (5) hayuko nje kabisa wala ndani kabisa. Anaitetea sheria ya ulimwengu uliobuniwa kwa sauti ya mwelekezi. Ndani ya muda mfupi mtoto mmoja hupita katika tabaka tatu za usemi ambazo katika tamthilia ya watu wazima hugawiwa mtunzi, mwelekezi na mwigizaji. Fani ya mchezo wa kubuni imo katika kupita huko zaidi ya kisa chenyewe, ambacho aghalabu ni chepesi.

4.4 Marahaba

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika maamkizi. Pale maamkizi ya shikamoo yanapozingatiwa, mtoto mdogo huamkia, haamkiwi. Kila anayekutana naye, kasoro rika lake na walio wadogo kuliko yeye, anastahili shikamoo yake. Neno marahaba analisikia mara nyingi kwa siku, lakini hapati nafasi ya kulitamka kwa haki. Katika mchezo wa baba na mama anaipata. Mwenzake anaingia kama mgeni au kama mtoto wa nyumba, anamwambia shikamoo, naye anaitikia marahaba kwa sauti nzito, pengine bila kuinua uso kutoka jikoni kwake.

Tendo hilo linaifafanua kauli ya Vygotsky kwa namna ambayo mifano ya fimbo na farasi haiwezi. Marahaba ni nafasi katika jamii. Kulitamka ni kuuona uhusiano wa mkubwa na mdogo kutoka upande wa pili, na kugundua kwamba ukubwa una namna ya kusemwa. Mtoto anayeitikia marahaba amekwisha kuelewa, kwa vitendo, kwamba nafsi hutengenezwa kwa lugha. Hilo ndilo mwandishi wa tamthilia analolijua anapompa kila mhusika usemi wake.

4.5 Kujitoa

Mchezo wa kubuni una mlango wa kutokea: 

(6) Sichezi tena.

Kauli hii haina mjadala. Msemaji akishaitamka, mama amekwisha, duka limefungwa, mchanga umerudi kuwa mchanga. Hata anayebaki na kinyongo hawezi kumlazimisha mwenzake aendelee. Hadithi ya mtambaji nayo ina fomula za kufungulia na za kufungia, na hadhira inayojibu pakawa inashiriki katika kuufungua mlango. Lakini mtambaji ndiye anayeamua hadithi iishie wapi. Katika mchezo wa kubuni kila mshiriki anao ufunguo wake.

5.0 Suala la Hadhira

Mchango mkubwa wa Mulokozi (1989) ni kuiona fasihi simulizi kama tukio linalotawaliwa na mwingiliano wa mambo sita: fanani, fani, hadhira, tukio, mahali na wakati. Muundo huo uliuondoa uchambuzi katika kuitazama fasihi simulizi kama matini iliyokosa maandishi. Mchezo wa kujipikilisha unatimiza masharti matano bila shida. Fanani ni watoto. Fani ni mbinu zilizochambuliwa hapo juu. Tukio, mahali na wakati vinaonekana: uani, chini ya mti, baada ya chakula cha mchana wakubwa wakiwa wamejipumzisha. Sharti la hadhira ndilo linaloleta ugumu.

Jibu la kwanza laweza kuwa kwamba kila mshiriki ni hadhira ya mwenzake. Jibu hili lina ukweli, lakini halitoshi, kwa sababu linamfanya mshiriki atazame kwanza kisha ajibu, ilhali katika mfano wa (4) mteja hatazami duka likiigizwa. Bila yeye duka halipo. Jibu la pili laweza kuwa kwamba watu wazima walio karibu ndio hadhira. David Lancy (1996), akiwaandikia Wakpelle wa Liberia, ameonesha umuhimu wa uwanja ulio wazi ambapo watoto hucheza wakiwa machoni pa wakubwa. Lakini kuwa machoni pa mtu si kuigiza kwa ajili yake. Kila mlezi anafahamu kwamba mtoto akigundua anatazamwa kwa makini, na hasa akichekwa, mara nyingi huacha au hubadili mchezo ukawa onesho. Onesho hilo ni tukio jingine, lenye fanani na hadhira, na kwa kawaida huwa fupi na lenye kujikweza.

Inapendekezwa, basi, kwamba hadhira isichukuliwe kuwa sharti la maigizo yote, bali iwe kigezo cha kuyapanga. Upande mmoja yako maigizo ambayo hadhira imetengwa na fanani, kama tamthilia ya jukwaani. Katikati yako yale ambayo hadhira huchangia, kama utambaji. Upande wa pili ipo michezo ambayo kutazama na kutenda havitenganishwi. Mpangilio huu unaleta faida ya kihistoria pia. Penina Mlama (1991) alipoitetea sanaa ya maonyesho ya umma kama njia ya maendeleo, sehemu ya hoja ilikuwa kuuvunja ukuta kati ya watendaji na watazamaji ili wanakijiji wayaigize na kuyachambua matatizo yao wenyewe. Harakati hizo ziliutafuta kwa juhudi ushirika ambao kila mtu mzima kijijini alikuwa nao alipokuwa na miaka 5.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba mchezo usio na hadhira wala matini ya kudumu hauhakikiki. Jibu ni kwamba uhakiki wa fasihi simulizi umekwisha kukubali kwamba kila utendaji hautokei mara mbili. Kinachohakikiwa ni kanuni zinazouwezesha, na kanuni za mchezo wa kubuni zinabainika.

6.0 Mashetani: Mchezo Usio na Mlango wa Kutokea

Thamani ya kigezo hiki inaonekana kinapotumiwa kuisoma tamthilia iliyochambuliwa sana. Katika Mashetani (1971) ya Ebrahim Hussein, vijana wawili marafiki, Juma na Kitaru, wanaigiza mchezo wa shetani na binadamu. Baada ya mchezo huo Kitaru hapati utulivu. Kilichoanza kama uigizaji kinamfuata katika ugonjwa na ndoto. Wahakiki wameisoma tamthilia hii kwa kuzingatia ukoloni, ukoloni mamboleo na tofauti za kitabaka za familia za vijana hao baada ya uhuru na mapinduzi. Usomaji huo una msingi na haupingwi hapa. Lakini swali la fani linabaki: kwa nini Hussein aliiweka historia hiyo yote ndani ya mchezo wa vijana wawili?

Mtazamo wa makala haya unatoa jibu. Vijana hao wanaucheza mchezo wa kubuni bila mojawapo ya kanuni zake kuu. Kuingia wanaingia, uhusika wanagawana, lakini kauli ya sichezi tena inakosa nguvu, kwa sababu nafasi walizozishika mchezoni hazikubuniwa na wao. Ni nafasi walizorithi. Mtoto anayeitikia marahaba anaazima ukubwa na kuurudisha. Kitaru na Juma wanaigiza uhusiano wa utawala ambao tayari umo katika nyumba zao, na kwa hiyo hawana nje ya kutokea. Ndugu wawili wa mfano wa Vygotsky walicheza kile walichokuwa wakakielewa. Vijana wa Hussein wanacheza kile walicho kikawatawala. Kwa kuuweka mchezo wao kando ya mchezo wa uani, ugonjwa wa Kitaru unasomeka kama hali ya mtu aliyenyang'anywa haki ambayo mtoto wa miaka 4 anayo: haki ya kuacha.

Usomaji huu unazuia pia kuutukuza mchezo wa watoto kupita kiasi. Nao hurithi. Katika mchezo wa baba na mama, aliye mdogo kuliko wote mara nyingi hulazimishwa kuwa mtoto, baba huondoka kwenda kazini bila kueleza anakokwenda, na mvulana anayetaka kupika huweza kuchekwa. Tabaka na jinsia vimo ndani ya kifuu. Lakini kauli ya aina ya (5) inaonesha kwamba sheria hizo hutamkwa, na kinachotamkwa kinaweza kubishiwa. Nyumbani hakuna anayemuuliza mtoto kwa nini baba haosheki vyombo wala hapiki. Mchezoni swali hilo linaweza kuulizwa, na anayepinga anaweza kujibiwa kwamba basi leo baba apike.

7.0 Athari kwa Elimu ya Awali

Suala hili lina uzito nje ya uhakiki. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima kwa kipindi kisichopungua mwaka mmoja, kwa watoto wa kati ya miaka 3 na 5. Nchini Kenya, mtaala wa umilisi umeweka miaka miwili ya elimu ya awali kabla ya Gredi ya 1. Katika nchi zote mbili mitaala inautambua mchezo kama njia ya kujifunza, na madarasa ya awali ya Tanzania huhimizwa kuwa na kona za ujifunzaji. Kwa maandishi, mchezo umeshinda.

Ushindi huo, hata hivyo, umepatikana kwa sharti. Mchezo umekubaliwa kwa kuwa unafundisha kuhesabu, unaongeza msamiati na unamwandaa mtoto kwa darasa la kwanza. Hapo ndipo udhaifu ulioelezwa katika sehemu ya 3.0 unapojitokeza. Mzazi anayelipa ada na kumkuta mtoto wa miaka 4 hajui kuandika ana swali la haki: kama lengo ni kusoma na kuandika, kwa nini asifundishwe moja kwa moja? Anayeutetea mchezo kwa faida pekee hana jibu la kutosha, na kona ya jikoni darasani huanza kugeuka: mwalimu anagawa uhusika, anataja vitu vya kununua dukani, anasahihisha matamshi, na mwishoni anauliza wamejifunza nini. Kwa kigezo cha hadhira, kilichobaki si mchezo wa kubuni tena. Ni onesho ambalo mwalimu ni mtunzi, mwelekezi na hadhira kwa pamoja. Watoto wamebakiwa na tabaka moja kati ya tatu za usemi. Eti yao haina kazi, kwa kuwa mwalimu ndiye aliyetangaza ubunifu. Wala hawawezi kusema sichezi tena.

Uchambuzi huu hausemi kwamba masomo ya kuigiza yaachwe. Unasema kwamba yasihesabiwe kuwa mchezo. Darasa linalotaka kuwa na mchezo wa kubuni linahitaji muda usio na swali la mwisho, vitu visivyo na maana moja, kama vifuu, vijiti, vitambaa na makopo, na mtu mzima anayejua kukaa karibu bila kuwa hadhira. Suala la lugha ni zito zaidi. Kanuni zilizochambuliwa hapa ni za lugha ambayo mtoto anaimiliki. Mtoto anayetakiwa kucheza kwa Kiingereza alichoanza kukisikia mwaka huo anaweza kutaja majina ya matunda, lakini hana eti, hana kiishio cha kugawia uhusika, wala hana marahaba. Kinachoonekana kuwa ukimya au uzito wa akili huenda ni kukosa zana za kutungia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba mchezo wa kujipikilisha ni maigizo yenye fani inayobainika katika lugha: kitenzi cha kujifanya kisichodanganya, eti isiyo na mashaka, uhusika unaogawanywa kwa mapatano, nafasi ya mkubwa inayoazimwa kwa marahaba, na haki ya kujitoa. Fani hiyo inailazimisha nadharia ya tukio kuichukua hadhira kama kigezo cha kupangia maigizo badala ya sharti la kuyatambua, na inatoa njia ya kuisoma Mashetani ambayo inaeleza kwa nini historia imewekwa ndani ya mchezo.

Umuhimu wa mchezo wa kubuni katika miaka ya mwanzo, kwa mujibu wa hoja hii, hausubiri kuthibitishwa na alama za darasa la kwanza. Jamii inayozithamini hadithi zake haidai kwamba kila hadithi ithibitishe imeongeza ujuzi gani kabla ya kutambwa. Mchezo wa mtoto unastahili kipimo hichohicho, kwa sababu ndiyo fasihi ya kwanza ambayo mtu anaitunga mwenyewe. Kazi iliyobaki kwa watafiti ni ya uwandani: kurekodi, kwa ridhaa na kwa staha, lugha ya mchezo huo katika lahaja na miji mbalimbali, kuanzia uani kwa pwani hadi vyumba vya kupanga vya bara, na kuchunguza kama maneno kama eti yanafanya kazi ileile katika jamii ambazo watoto wanakua na lugha mbili au tatu. Kazi hiyo haihitaji vifaa vingi. Inahitaji wahakiki walio tayari kumhesabu mtoto miongoni mwa watunzi.